Gari kwenda, miguu kurudi: matembezi mepesi ya shamba nje ya Chake Chake

Chake Chake ni mji mdogo wa kisiwa cha Pemba, na uzuri wake kwa mtembeaji ni kwamba shamba, yaani vijijini, liko karibu. Huna haja ya kupanda mlima wala kuajiri kundi la watu. Unahitaji kuipanga siku vizuri, na kanuni ya kwanza ya kuipanga ni hii: panda gari mpaka mwisho wa njia, kisha rudi mjini kwa miguu.

Wengi hufanya kinyume chake. Hutoka mjini wakitembea, wakitaraji kupata daladala ya kurudia. Lakini jioni magari yanatoka mjini kwenda shamba, yamejaa watu waliomaliza shughuli zao sokoni. Yanayorudi mjini saa hizo ni machache, na mengine hulala hukohuko. Ukianzia mbali, kila hatua inakusogeza kwenu, na ukichoka njiani hujaachwa mahali pabaya.

Sababu ya pili ni jua. Njia za mashariki (Wawi, Vitongoji, Pujini) zitembee asubuhi: unarudi ukielekea magharibi na jua liko mgongoni. Njia ya Wesha, iliyo magharibi ya mji, itembee alasiri kwa sababu hiyohiyo. Pemba jua huchomoza kati ya saa 12 na saa 12 na nusu, na hutua kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45, kutegemea mwezi wa mwaka. Likishatua, giza halichelewi. Weka hesabu ya kilomita 4 kwa saa kwenye lami, na 3 kwenye udongo na vilima.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, wakati wa kusi (upepo wa kusini), ambapo hewa ni ya ubaridi na mvua ni za kupita tu. Januari na Februari pia panafaa, ila joto la kaskazi (upepo wa kaskazini) linakutaka uwe umeshaanza kutembea kabla ya saa 1 asubuhi. Masika, Machi hadi Mei, baki kwenye lami. Udongo wa Pemba ni wa mfinyanzi. Ukilowa huteleza vibaya, hasa kwenye mteremko wa kuingia bondeni. Hata vuli, mvua kubwa ikishanyesha, ipe njia siku nzima ya jua kabla hujaiingia.

Anzia Wawi. Ni njia fupi kuliko zote, yote barabara, na mtoto wa miaka minane anaiweza. Shuka karibu na Kiwanda cha Makonyo, ambacho utakijua kwa harufu kabla ya kukiona. Hapo hukamuliwa mafuta kwa mvuke kutoka kwenye makonyo (vikonyo vya karafuu) na majani ya mikarafuu, na pia mchaichai na mikaratusi. Ukitaka kuingia, uliza getini kwanza. Kutoka hapo ni mwendo mwepesi mpaka mjini, na lita moja ya maji inakutosha. Vitongoji iko mbele zaidi upande huohuo na ina fukwe za kupumzikia. Mwendo wake ni mrefu, basi uache mpaka miguu izoee.

Pujini ndiyo safari yenyewe. Ni kama kilomita 10 kusini mashariki ya mji, yaani saa tatu za kutembea na nusu saa ya mapumziko. Chukua lita mbili za maji na kitu cha kutafuna. Panda gari ya saa 1 asubuhi, au bodaboda kama gari imechelewa, na umwambie dereva unakwenda kwenye magofu ya Mkama Ndume. Ni ngome ya karne ya 15 hivi, na leo kilichobaki zaidi ni maboma ya udongo na mawe yaliyomezwa na miti. Simulizi za Pemba zinamtaja Mkama Ndume kuwa mtawala mkali aliyewatumikisha watu kubeba mawe huku wakijiburura kwa makalio, na kisima kilichogawanywa kwa ukuta kinasemwa kuwa kilikuwa cha wake zake wawili, wasikutane. Zunguka polepole, usipande juu ya kuta, na angalia unapokanyaga: mashimo yamefunikwa na majani.

Kurudi, fuata barabara ya gari. Njia za mkato zinavutia, lakini zinashuka mabondeni, na humo ndimo watu hupotea, kwa kuwa kila bonde la mpunga linafanana na jingine na vijia hugawanyika kwenye kila konde. Ukiamua kuingia, pita juu ya kingo za majaruba kwa mstari mmoja, wala usikanyage ukingo uliolegea. Ukibomoka, maji ya mpunga wa mwenyewe yanakwenda na jasho lake. Ukiuliza njia, usiulize "Ni mbali?" kwa sababu aliyezaliwa hapo atakujibu si mbali, na kwake ni kweli. Uliza kijiji kinachofuata kinaitwaje, na mpaka hapo kuna mabonde mangapi ya kuvuka. Mabonde unaweza kuyahesabu.

Wesha ni kama kilomita 7, lami tupu, na mikoko iko kando. Uwe umefika saa 9 na nusu, sali alasiri hapo ikishaingia, uanze kurudi mnamo saa 10. Ukibaki barabarani hakuna la kuogopa. Ukitaka kushuka ufukweni au kwenye mikoko, tazama kwanza tarehe ya mwezi mwandamo. Siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hupwa sana mnamo saa 4 hadi 5 asubuhi na kujaa saa 10 hadi 11 jioni. Kwa hiyo alasiri ya tarehe 1 au 15 ni saa mbaya kabisa ya kushuka. Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50, hivi kwamba kwenye tarehe 7 na 22, siku za maji mafu, hupwa alasiri, ingawa hayaendi mbali.

Hatari ya mikoko ni kwamba maji hayaji kutoka mbele unapotazama. Huingia kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako, kwa kuwa viko chini kuliko uliposimama, na ukigeuka unakuta njia imekatika. Shuka maji yakiwa bado yanapwa, na ondoka mara yanapoanza kurudi. Vaa viatu vya kufunika vidole, vya zamani. Chini ya tope kuna makombe ya baharini yanayokata kama wembe.

Kwenye udongo, vaa raba zenye meno. Ndala hubaki kwenye tope nawe ukaendelea. Suruali ndefu au vazi refu linakulinda na upupu na pia ni heshima ya mahali. Upupu ukikupata, usijikune na usisugue kwa kiganja, maana unazisukuma nywele zake ndani ya ngozi. Bandika utepe wa kunata uubandue, au paka tope zito, liache likauke kisha ulibandue, ndipo uoge. Pia usipumzike chini ya mnazi wenye nazi.

Msimu wa karafuu una adabu zake. Karafuu zilizoanikwa pembeni mwa barabara usizikanyage wala kuruka jamvi, zunguka. Usichume hata kikonyo kimoja. Magendo ya karafuu yanaangaliwa kwa ukali, na mgeni mwenye begi kubwa ndani ya mikarafuu lazima aulizwe. Chukua mfuko mdogo, na ukiulizwa ufungue bila kununa. Toa shikamoo kwa wakubwa, piga hodi kabla ya kukatiza uwanja wa nyumba, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Mkiwa kundi, mpigieni sheha (kiongozi wa shehia, yaani mtaa au kijiji) husika siku moja kabla na mumwambie mnapita wapi na saa ngapi.