Sehemu za London asizozijua mgeni wako, na kadi iliyonigharimu pauni 100

Barua ilifika Jumanne. Ilikuwa na jina la mama mdogo, na mama mdogo alikuwa amesharudi Tanga. Niliifungua nikidhani ni mambo ya bima ya safari. Kumbe ni faini ya nauli ya treni, pauni 100, na muda wa kulipa nusu yake ulikuwa umeshapita. Nikampigia simu usiku uleule. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hatukutaka kukusumbua." Karatasi aliyopewa na mkaguzi alikuwa ameikunja mara nne, akaitia kwenye pochi pamoja na risiti za zawadi, na imesafiri naye mpaka Chumbageni.

Naandika haya kwa sababu kila kiangazi tunapokea wageni, na wengi wetu tunawapeleka kulekule: Big Ben, Tower Bridge, Oxford Street, picha, nyumbani. Mimi huwapeleka kwingine, na sehemu hizo nitazitaja hapa bila choyo. Lakini nyingi ziko pembeni, na huko pembeni utakutana na stesheni zisizo na geti. Stesheni isiyo na geti ndiyo iliyotunasa.

Ilikuwa hivi. Siku ile nilikuwa zamu. Mama mdogo na binamu yangu, kijana wa miaka kumi na tisa, walitaka kwenda mashariki ya mji kuangalia mto. Nikawaachia kadi yangu moja ya benki, nikawaambia kwa mdomo wangu mwenyewe: gusa mara mbili, moja yako, moja ya kijana. Miaka kumi na moja nimekaa nchi hii na bado nikasema maneno hayo. Nilikuwa nafikiri kidaladala: unampa konda noti, unamwambia "wawili," mambo yameisha. Mashine haijui wawili. Inajua kadi, na kwake kadi ndiyo mtu. Mguso wa kwanza unasema mtu huyu ameingia. Mguso wa pili, hata ugusie nauli ya ukoo mzima, haumwingizi mtu mwingine.

Geti lingekuwepo, lingewagomea na wangenipigia simu palepale. Halikuwepo. Palikuwa na nguzo tu yenye mashine ya njano, wakagusa, ikalia, wakapanda. Vituo vitatu mbele akaingia mkaguzi. Binamu akatoa kadi, ikasomwa, sawa. Mama mdogo akanyoosha kidole kwenye kadi ileile.

Kadi moja, mtu mmoja. Mwambie mgeni wako anaposhuka kwenye ndege, mwambie tena asubuhi anapofunga viatu. Kadi moja, mtu mmoja.

Lililoniuma zaidi ya pesa ni ukimya wao. Nilipomuuliza mama mdogo kwa nini hakuniambia jioni ile, akanijibu kwamba yule mkaguzi alikuwa kijana mpole, alisema samahani mara tatu huku akiandika. "Nikajua ametusamehe." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa langu halikuishia kwenye kadi. Sikuwa nimemweleza watu wa hapa. Mwingereza anakuomba radhi huku anakuandikia faini, na vyote viwili anavimaanisha. Nyumbani, sauti ikishashuka na mtu akishaomba samahani, neno limekwisha. Hapa sauti haikupandishwa tangu mwanzo, na karatasi ndiyo neno lenyewe.

Kwa hiyo wapendwa mnaokuja kututembelea, mama zetu, wajomba zetu, nawaomba kwa heshima yote: karatasi yoyote mtakayopewa barabarani, kwenye treni, dukani, mwonyesheni mwenyeji siku hiyohiyo. Hamnisumbui. Faini ya treni ikilipwa ndani ya siku 21 ni pauni 50. Ikipita hapo ni 100. Kukata rufaa nako kuna siku zake, na zinahesabiwa tangu siku uliyoandikiwa. Mkiificha kwa kunionea huruma mnaiongeza.

Na sisi wenyeji tuna letu. Tusiwape wageni kadi za watoto wetu. Najua inafanyika, nimeiona kwenye nyumba za watu ninaowaheshimu. Kadi ya nauli nafuu ya mtoto ina picha yake na jina lake. Mtu mzima akikamatwa nayo, hapo hatuzungumzii tena faini ndogo. Inaweza kufika mahakamani, na mtoto naye anaweza kunyang'anywa kadi yake hiyo. Fomu za visa zinauliza habari za mashtaka. Mgeni aliyekuja wiki tatu kula pilau na kuona wajukuu asirudi na doa la namna hiyo kwa sababu ya nauli.

Mengine ni mepesi. Kwenye basi unagusa mara moja tu, unapopanda, na basi halipokei pesa taslimu tangu 2014. Kwenye treni unagusa unapoingia na unapotoka, hata pasipo na geti, hata kama hakuna mtu anayekutazama. Usipogusa wakati wa kutoka unakatwa nauli ya juu kabisa. Simu na kadi ya akaunti moja ni vitu viwili mbele ya mashine, kwa hiyo uliyoingia nayo ndiyo utoke nayo. Simu ikizima chaji kabla ya mkaguzi kufika, hesabu huna tiketi. Watoto wa chini ya miaka 11 wanapanda bure wakiwa na mtu mzima, na wa miaka 11 mpaka 15 waliokuja kutembea wanaweza kuwekewa punguzo kwenye kadi ya Oyster, kadi ya nauli ya London, waombe wahudumu wa stesheni.

Sasa twende huko ninakowapeleka wageni.

Ndani ya Kensington Gardens, upande wa kaskazini, ukishuka stesheni ya Lancaster Gate, kuna mnara wa jiwe jekundu katikati ya miti. Watu wanakimbia, wanatembeza mbwa, hakuna anayesimama. Umeandikwa maneno machache tu: kumbukumbu ya Speke, Victoria Nyanza na Nile, 1864. Ziwa letu, ndani ya bustani ya London. Nilimpeleka pale rafiki yangu Msukuma wa Mwanza, akasimama muda mrefu akiupapasa kwa kiganja. John Hanning Speke, msafiri Mwingereza, alifika kwenye ziwa lile mwaka 1858, nalo lilikuwa na watu, majina na mitumbwi. Aliyekuwa naye njiani ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni akauzwa, akapelekwa India, akarudi mtu mzima, akawa mkalimani na kiongozi wa misafara. Jina lake halipo kwenye lile jiwe. Kila ninayempeleka pale namtajia jina hilo kwa sauti, kwa sababu sioni nani mwingine atalitaja.

Mwenzake Speke, ambaye baadaye waligombana, ni Richard Burton. Walitoka Unguja pamoja mwaka 1857, wakapita Tabora, wakafika Ujiji. Kaburi la Burton liko Mortlake, kusini-magharibi, treni kutoka Waterloo, nyuma ya kanisa dogo la Kikatoliki la St Mary Magdalen. Ni hema. Hema kamili la Bedui, lakini la jiwe, mikunjo ya kitambaa imechongwa mpaka unataka kuishika uone kama itasogea. Nyuma kuna ngazi ya chuma. Panda, chungulia kwenye kioo, utaona majeneza mawili, la kwake na la mkewe Isabel, ambaye ndiye aliyelijenga kaburi hilo. Wageni wangu wazee wengine wamekataa kupanda, na siwalazimishi, kuchungulia maiti si adabu yetu. Mimi nilipanda mara moja, ikatosha.

Karibu na stesheni ya St Paul's kuna kibustani kinaitwa Postman's Park, kwa sababu wafanyakazi wa posta ya zamani walikuwa wanakula chakula cha mchana pale. Chini ya kibanda kirefu cha mbao, ukutani, vimepangwa vigae vyenye majina ya watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine. Mchoraji George Frederic Watts ndiye aliyekianzisha kibanda hicho, kikafunguliwa 1900. Soma kigae cha Alice Ayres, binti wa kibarua wa ujenzi, aliyeokoa watoto watatu kwenye nyumba iliyowaka moto, Aprili 24, 1885, yeye akafa. Herufi zimeandikwa kwa mkono, rangi ya bluu, na pembeni kuna maua. Nimesoma pale majina ya watu wasio na cheo chochote, na nikiri kwamba ndipo nilipoanza kuwapenda watu wa mji huu. Hawana maneno mengi kwenye msiba. Lakini tembea bustani yoyote, utaona mabenchi yenye vibati vidogo: fulani alipapenda hapa. Mtu amelipia benchi ili mgeni asiyemjua akae mahali alipokuwa anakaa mama yake. Sisi tunapika, tunasoma hitima, tunajaza uwanja. Wao wanaweka benchi. Zamani nilikuwa naona ni ubaridi; siku hizi nakaa.

Brixton, mbele ya maktaba, Windrush Square, kuna kumbukumbu ya askari wa Afrika na Karibiani wa vita vyote viwili vikuu. Ilizinduliwa Juni 22, 2017, ndiyo, miaka karibu mia moja baada ya vita ya kwanza. Ukiwa na mgeni wa Dar au Nairobi, mwambie mlipo. Kariakoo ni jina la wapagazi wa Carrier Corps, na Kariokor ya Nairobi ni neno hilohilo. Watu hao walibeba vita ile mabegani, wakafa kwa magonjwa na njaa. Na wale Keya, askari wa King's African Rifles, wa vita ya pili, waliopelekwa mpaka Burma, kila mtu wa umri wangu amewasikia kwa babu. Mpigie picha mgeni hapo badala ya Big Ben.

Kwa wenye watoto, Greenwich. Wote wanaijua meli ya Cutty Sark, lakini kando yake kuna jengo dogo la duara lenye paa la kioo. Ingia. Ni njia ya miguu inayopita chini ya Mto Thames, ilifunguliwa 1902, mita kama 370, bure, usiku na mchana. Ukuta ni vigae vyeupe, baridi kama kisima, na sauti ya mtoto inakwenda na kurudi. Uliza kwanza kama lifti inafanya kazi, maana ngazi za kuzunguka ni nyingi na magoti ya wazee si ya kuchezea. Upande wa pili unatokea Island Gardens, geuka uangalie Greenwich ng'ambo ya maji, kisha tembea kidogo hadi shamba la Mudchute. Mbuzi, punda, kondoo, na nyuma yao maghorofa ya Canary Wharf. Bure pia. Vaa viatu vya matope.

Hapo sasa, kurudi utapanda DLR, treni ndogo ya huko. Stesheni zake nyingi hazina geti. Mashine ziko kwenye nguzo, na mtoto anapiga kelele, na treni inaingia, na utasema nitagusa mbele. Hakuna mbele. Gusa kabla ya kupanda, kila mtu mzima na kadi yake, na mkishuka gusa tena.

Mama mdogo alirudi mwaka uliofuata. Safari hii nilimnunulia kadi yake ya Oyster, nikaifunga kwa uzi shingoni kama kitambulisho cha kazi, hakuona haya. Nikampeleka Ealing Road, kule Alperton na Wembley, ambako Wahindi wengi wa Afrika Mashariki wana maduka yao. Wengi walifika baada ya Idi Amin kuwapa siku 90 za kuondoka Uganda mwaka 1972. Kwenye vioo vya mikahawa utaona neno "mogo," nao ni muhogo wetu, umekaangwa, umepakwa chumvi na pilipili. Mama mdogo alisimama kwenye sanduku la mboga anachagua muhogo, anaukwaruza ganda kwa ukucha aone kama ni mbichi, akalalamika bei kwa Kiswahili, kwa sauti, akidhani hakuna anayesikia. Mzee mwenye duka akainua kichwa: "Mama, huo ni wa jana. Wa leo uko nyuma, ngoja nikuletee." Alizaliwa Jinja. Walizungumza zaidi ya nusu saa, mimi nimeshika mfuko.