Bedford ya marehemu baba: kabla hujashika spana

Ukitaka kufufua lori la zamani, kabla hujafungua nati hata moja, ingia kwenye kebini na kipande cha chaki. Kaa kiti cha dereva, funga mlango, kisha zungushia chaki kila kitu ambacho hutaki kiguswe. Mimi sikufanya hivyo.

Lori letu ni Bedford TJ ya petroli, silinda sita. Baba alibebea mkonge kutoka shamba moja la Muheza hadi bandarini Tanga. Kila safari alichora mstari kwa msumari upande wa ndani wa mlango wake, ili mwisho wa mwezi asipunjwe na karani. Miaka mingi ya mistari ile. Kijana aliyekuja kupiga rangi alianza kazi alfajiri, kwa bidii zake, na nilipofika na maandazi mistari ilikuwa imefukiwa na puti, ule udongo wa kusawazishia bati kabla ya rangi. Imebaki saba chini ya kitasa. Nilinuna siku mbili, lakini nimlaumu kwa lipi? Kazi yake ni kuondoa mikwaruzo, na mwenye kujua mikwaruzo ile ni nini nilikuwa mimi.

La pili ni karatasi. Kama kadi ya gari bado ina jina la marehemu, usinunue hata gaskiti kabla mahakama haijamthibitisha msimamizi wa mirathi. Lori likilala juu ya matofali chini ya mwembe halina ndugu. Siku litakapowaka utawaona wote.

Tuje kwenye injini. Ikikaa miaka bila kuwashwa, ringi za pistoni hushikana na silinda kwa kutu. Watakwambia ulifunge kamba, livutwe na lori jingine likiwa kwenye gia. Kataa, maana kitakachovunjika humo ndani hukipati dukani. Toa plagi zote sita, mimina kila tundu dizeli kidogo iliyochanganywa nusu kwa nusu na oili ya giaboksi otomatiki, funika kwa vitambaa, kaende kashughulike na mengine. Kila jioni ongeza kidogo, kisha weka spana ndefu kwenye nati ya puli ya mbele na ujaribu kusukuma mbele, halafu nyuma, bila kulazimisha. Yetu iligoma siku kumi. Ya kumi na moja, baada ya magharibi, spana ilisogea kama upana wa kidole na injini ikatoa mguno. Nilimwita mke wangu aje asikie. Alisikiliza, akasema chakula kinapoa.

Ikishazunguka, mwaga oili ya zamani, weka mpya, na uzungushe bila plagi mpaka uhakikishe oili inapanda juu kwenye valvu. Ndipo urudishe plagi. Mpangilio wa kuwaka, yaani zamu ya kila silinda kupata cheche, ni 1-5-3-6-2-4. Uandike kwa rangi kwenye karatasi ngumu, maana ukichanganya waya mbili tu litakohoa na kupiga baruti hadi majirani watoke nje. Waya za umeme ng'oa zote, ufunge mpya zenye fyuzi. Mpira wake umeshakuwa kama ganda la muhogo.

Breki hazina huruma wala kumbukumbu. Huku usibakize kitu kwa mapenzi: mipira yote ya silinda za breki mpya, mabomba ya mpira mapya, na mafuta ya breki yawe ya breki kweli. Kuna wanaojazia oili ya injini yakipungua, nayo hufanya mipira ivimbe na breki zishike njiani. Vumbi la ndani ya ngoma za breki usilipulize kwa upepo, kwani breki za zamani zilitengenezwa kwa asibesto. Lowesha, futa kwa kitambaa, kitupe.

Mawili zaidi, kwa sababu haya yanaua. Tangi la petroli lililokauka lina hatari kuliko lililojaa. Mvuke uliobaki unalipuka, kwa hiyo usimruhusu fundi achomelee bila kulisafisha kikamilifu. Na rimu za zamani zenye pete ya chuma ya kufungia tairi zijazwe upepo zikiwa ndani ya kizimba cha vyuma, wewe ukisimama mbali. Pete iliyoliwa na kutu ikichomoka haisemi hodi. Halafu ujue kwamba malori mengi ya Uingereza ya enzi hizo, nati za magurudumu ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kinyume na kawaida. Binamu yangu alikata bolti mbili kabla hajaamini.

Bodi ya mbao nilimpa fundi wa majahazi wa Pangani, mzee anayejua mvule na chumvi kuliko fundi yeyote wa gereji. Alibadilisha mbao zilizooza tu, kila bolti akaipaka grisi, na chini akapaka sifa, mafuta yale ya papa. Wiki tatu paka wa mtaa mzima walilala chini ya lori.

Rangi ya mlango nimeiacha nusu nusu: juu mpya, chini ya kitasa ile ile ya zamani na mistari yake saba, imepakwa vanishi isiyo na rangi kuzuia kutu. Watu hudhani hela iliniishia.

Gia ya pili ilikuwa ikiruka na kujitoa yenyewe, na baba alizoea kuibana fimbo yake kwa goti. Tukafungua giaboksi, tukabadilisha kilichokuwa kimekwisha, ikatulia. Siku ya kwanza nilimpakia mama hadi Pongwe na kurudi. Alikaa kimya, mkono dirishani. Tulipofika nyumbani akauliza, "Mbona hukuweka goti?"