SOMO: Bagamoyo na familia kwa siku moja (bahari iwe mwisho)

Wakuu habari. Kila likizo ya shule ikikaribia meseji zinaanza, "tunataka kwenda Bagamoyo na watoto, tuanzie wapi", namjibu huyu, kesho anakuja mwingine na lilelile. Naandika mara moja, atakayeniuliza tena namtumia huu uzi. Ni kwa mnaotoka Dar na kurudi siku hiyohiyo, kama kilomita 70 hivi.

1. Saa 12 asubuhi muwe barabarani. Foleni ya Tegeta haina huruma.

2. Bebeni maji, kofia, kanga na nguo za kubadilisha watoto.

3. Anzeni Kaole, sio mjini. Magofu yako kama kilomita 5 kusini mwa mji, hakuna kivuli cha maana, ndio maana nasema asubuhi. Kama ni bajaji patana naye kwenda, kusubiri na kurudi KABLA hamjapanda, na hela apewe mkirudi, kupata nyingine kule ni bahati. Kuna misikiti miwili, wa zamani zaidi unahesabiwa ni wa karne ya 13, na makaburi yenye minara ya mawe. Chukueni mtembezaji. Mkimaliza waulize watoto hii ilikuwa bandari, sasa bahari iko wapi? Wataona mikoko tu. Matope yalijaa, mikoko ikaota, majahazi yakashindwa kufika, biashara ikahamia Bagamoyo. Wakishaelewa hapo, mji wenyewe hauwachoshi.

4. Misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868, wakawa wanakomboa watumwa na kuwapa makazi palepale. Makumbusho yao ni madogo ila yamepangwa vizuri. Kuna mnara ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, na hapo msiwaambie watoto habari za mzungu tu, waambieni Susi na Chuma na wenzao waliubeba kwa miguu kutoka huko ambako sasa ni Zambia, miezi na miezi. Halafu mtafute mbuyu wenye mnyororo. Mnyororo ulifungwa zamani mti ukiwa mdogo, sasa gome limeumeza, kimebaki kipande tu kinachochungulia.

5. Chakula saa 7, ndani, kwenye feni. Agizeni mkifika tu, samaki wa kukaanga anachukua muda.

6. Mji mkongwe kwa miguu, jua likipungua. Karavan Serai walikofikia wapagazi, Boma ya Wajerumani ya 1897, halafu Mtaa wa India taratibu. Watoto wapeni kazi ya kutafuta samaki, maua na minyororo iliyochongwa kwenye milango, atakayepata vingi anachagua soda.

7. BAHARI MWISHO. Hapa ndipo safari nyingi zinaharibika, na yetu ya kwanza ilikuwemo. Mkianza baharini saa 4 watoto wameshalowa, mchanga hadi masikioni, mdogo analia anataka kulala, Kaole hamtoiona na misheni mtapita kwa gari. Lakini kwenda jioni peke yake haitoshi, lazima ujue maji. Ufukwe wa Bagamoyo ni bapa mno, yakipwa yanaenda mbali mnabaki na tope. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana, na kwa pwani yetu bamvua maji yanajaa karibu na saa 10 jioni na kupwa karibu na saa 4 asubuhi, kwa hiyo hizo ndizo wikiendi zenu. Kila siku inayofuata sogeza mbele kama dakika 50. Wiki moja baada ya bamvua mambo yamegeuka, jioni mtakuta maji yametoka.

ONYO: maji yakiwa nje msiwaruhusu watoto kufuata mafungu ya mchanga kule mbali. Wakati wa bamvua yanapanda zaidi ya mita 3, na hayaji kutoka mbele ambako mnaangalia, yanajaza kwanza vile vijito vya nyuma yenu, mkigeuka mmeshazungukwa. Mtoto wa darasa la pili pale maji yanamfika shingoni. Kama hujui ratiba, muulize mvuvi yeyote sokoni, atakujibu bila hata kuangalia simu.

MASWALI

Kibopa_Tz: Mkuu kiingilio shingapi? Na tuanzie wapi?
— Pa kuanzia ni namba 3. Bei zinabadilika, sitaki uje kunilaumu hapa. Mtanzania analipa chini ya mgeni, beba kitambulisho.

MamaMapacha: Asante kwa somo kaka. Nitakuwa na mama mkwe, magoti yanamsumbua. Kaole ataweza?
— Karibu dada. Kaole ataweza, ni tambarare, mwendo wa polepole tu, mchukulie kiti cha kukunja. Cha kumpunguzia ni namba 6, mji mkongwe kutembea ni kwingi. Abaki kivulini pale misheni nyie mkizunguka mjini, wazee wengi wanapenda ule utulivu. Na ile kanga ni kwa ajili ya makaburini pia, kuna kaburi pale watu bado wanakwenda kuomba dua, watoto wasipande juu.

Zungu_la_Unga: Hatuwezi kuunganisha na Zanzibar siku hiyohiyo?
— Hapana.

Zungu_la_Unga: Lakini kwenye ramani ni karibu.
— Kwenye ramani hata Moroko ni karibu. Hiyo ni safari nyingine, nenda kapande boti Dar.

Mwl_Historia: Pale panapoitwa pa kunyongea, ndipo Abushiri alinyongwa?
— Swali zuri mwalimu. Hapana, Abushiri alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Ila Bagamoyo aliishambulia kweli kwenye vita ile ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani iliyoanza 1888, na mji ndio uliokuwa makao ya Wajerumani mpaka walipohamia Dar 1891. Ukiwa na wanafunzi, wapitishe hapo baada ya Karavan Serai, kwanza waone biashara ilivyokuwa ndio waelewe watu wa pwani walikuwa wanapigania nini.

Mwl_Historia: Shukrani. Naongeza, anayeweza apige simu TaSUBa (chuo cha sanaa cha Bagamoyo) kabla, wakiwa na onyesho la ngoma jioni watoto watafurahi kuliko bahari.
— Hii sikuiweka, ahsante.

Binti_Pwani: Soko la samaki na watoto vipi?
— Sawa ila viatu vya kufunika vidole, na usipige watu picha bila kuomba. Ukinunua pweza nenda na chombo chenye barafu.

Kibopa_Tz: Mkuu tumefika ufukweni saa 4 hii maji hamna kabisa, yanarudi saa ngapi?
— Namba 7. Pandeni gari mwende Kaole.