Ticha wa PP1 (chekechea mwaka wa kwanza), kabla ununue manila enda uangalie choo

Kila Disemba naona maticha wenzangu wa chekechea wamejaa kwa maduka ya vitabu huko tao, mtu amebeba manila kumi, maka peni, gundi, glita, pesa yote inatoka mfuko wake, halafu shule zikifunguliwa Januari wiki yote ya kwanza hakuna mtoto hata mmoja anaangalia hizo chati, wanalia tu na wengine wameshajikojolea. Mimi nimerudia hayo makosa miaka kadhaa, so wacha niwaambie venye hujipanga siku hizi.

Wiki moja kabla ya kufungua enda shule ukaangalie choo. Usisimame mlangoni kama inspekta, ingia, chuchumaa mpaka uwe kimo cha mtoto wa miaka 4. Komeo anaifikia? Akijifungia anaeza kujifungulia? Kukiwa na giza hataingia, na kama ni choo cha shimo na hilo shimo ni pana ataogopa kutumbukia, na ako na haki. Itisha fundi apunguze hilo shimo na mbao, ni kazi ya asubuhi moja. Maji nayo mnajua vile Nairobi ni mgao, kwa hivyo usitegemee mfereji. Tengeneza kibuyu chirizi: chukua mtungi wa lita 5, toboa tundu moja hapo chini, ziba na kijiti, funga kwa kigingi usawa wa kifua cha mtoto sio chako, sabuni iweke kwa soksi ya zamani uining'inize hapo kando, kwa sababu ikiachwa chini kufika saa nne haiko.

Halafu kuna maneno. Mwaka mmoja nilipata katoto kanatoka Eastleigh, siku ya kwanza kananivuta dera kakisema "kaadi, kaadi", mimi nikafikiria kanataka kadi, nikakapea zile kadi za namba. Dakika mbili tu kadi zote zimelowa. Kumbe kwa Kisomali kaadi ni mkojo. Tangu hiyo siku swali la kwanza kwa mzazi ni, mtoto akitaka choo huwa anasemaje nyumbani? Susu, shoti koli, na wengine hawasemi kitu, wanashika tu suruali. Andika yote. Sera ya elimu yenyewe inasema hawa wadogo wafunzwe kwa lugha ya eneo, sasa mtaa kama yetu ni Kiswahili na Sheng yake, ukianza siku ya kwanza na Kiingereza cha "sit properly" umewapoteza kabla ya uji.

Kwenye fomu ya kila mzazi uliza pia jina la nyumbani. Kwa rejista ameandikwa Joseph, lakini alipewa jina la babu yake na tangu azaliwe anaitwa Guka (babu kwa Kikuyu), sasa wewe utaita Joseph mpaka jioni na hageuki, unaanza kufikiria hasikii vizuri. Uliza chakula chenye humdhuru, dawa, na nani humchukua jioni: dada wa nyumbani, nyanya, ama boda? Chukua namba mbili za simu, na kama mtu hayuko kwa hiyo orodha hatoki na mtoto hata akijua jina lake, akasirike akitaka.

Sasa darasa. Keti chini kabisa sakafuni uangalie. Utashangaa, chati zako zote ziko juu karibu na mabati, chenye mtoto anaona ni miguu ya meza na mfuko wako. Shusha kila kitu. Na hiyo manila ikifika Aprili imeraruka, afadhali gunia. Nunua magunia meupe ya sukari, fua, pasua, shona ukingo na uandike na maka peni isiyotoka, mimi niko na moja ya wanyama imeingia mwaka wa nne sasa. Kona ya duka ndio napenda kuliko zote: pakiti tupu za unga, maziwa, majani chai, na simu ya kadibodi. Utawasikia wenyewe, "nitumie na M-Pesa, hiyo till iko wapi?" Hapo umepata hisabati na lugha bila kushika chaki.

Unga wa kufinyanga usinunue. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, kijiko cha mafuta, maji unaongeza pole pole karibu kikombe kimoja, kanda mpaka iache kushika mkono, weka kwa mkebe wenye kifuniko. Chumvi inazuia isiharibike haraka na pia atakayeionja haonji tena, lakini usiwaachie wakaila. Unga ikipanda bei tumia udongo wa mfinyanzi, tafadhali sio ule wa Mto Nairobi. Vizibo vya soda vya kuhesabia vichemshe, gonga kingo na nyundo, na uvihesabu ukivitoa na ukivirudisha, juu kuna mwenye ataweka kimoja mdomoni.

Makaratasi sitaongea sana. Miongozo ya mtaala iko kwa tovuti ya KICD, ile taasisi ya mitaala, usilipe mtu wa saiba akuuzie. Ukikopa maazimio ya kazi kwa grupu ya WhatsApp basi angalau badilisha jina la shule, aki tumeona mambo. Somo la chekechea ni dakika 30, so usijaze kama la darasa la nane. Na wiki ya kwanza usipange kitu ya maana, weka nyimbo, kuzunguka shule, kujua choo, basi.

Mkikubaliana na mwalimu mkuu, PP2 (wa mwaka wa pili) waripoti Jumatatu na wale wapya wa PP1 waje Jumatano, wachache wachache. Wakikuja wote siku moja mmoja akianza kulia darasa yote inajibu. Ambia mama asitoroke kama mwizi, aage, aseme atarudi saa ngapi, aende. Mwenye analia sana mama amwachie leso yake, ile ina harufu ya nyumbani, atalala nayo tu. Hata kama mko kwa Dishi na County, ule mpango wa chakula cha shule wa Kaunti ya Nairobi, na lunch ni shilingi 5, saa nne mtoto wa miaka 4 ashasikia njaa, kwa hivyo hakikisha uji iko.

Pitia soko la Gikomba uchukue kaptula tano sita za mtumba za akiba, saizi tofauti. Na ufunguo wa choo ukae na wewe, sio wochi.