Somo: Kufunga hita ya sola ya maji juu ya bati bila kuumiza paa wala fundi

Wakuu habari za mida hii. Huku Kigoma ukipita Mwanga au Gungu unaziona hizi hita juu ya mabati, na zingine nikiziangalia toka chini tu roho inadunda maana stendi imekalia bati tupu. Leo naongelea kufunga tu, bei mtauliza madukani.

Anza na uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, tenki la lita 200 likijaa ni kilo 200 na hapo hujahesabu tenki lenyewe, stendi na vioo (zile tyubu za kioo zinazopokea jua). Mzigo huo unabebwa na kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, siyo papi, papi kazi yake ni kushika bati basi. Ingia darini na tochi, kagua mbao kama ina mchwa au imeoza hasa pale inapokalia ukuta, alafu pima toka ukutani mpaka kila kenchi ili ukipanda juu ujue ziko wapi. Miguu ya stendi ikiangukia katikati ya kenchi mbili, laza mbao ya 2 kwa 4 iliyosimama kwa upana wake, au chuma chenye umbo la L, ikamate kenchi tatu. Paa likikutia wasiwasi jenga mnara pembeni kama wa simtanki, maji yatachemka vilevile.

Uelekeo: tuko kama digrii 5 kusini ya ikweta, kwahiyo vioo vitazame kaskazini, na mwezi wa sita na wa saba ambapo maji ya asubuhi yanauma jua nalo liko upande huohuo. Inua digrii 15 hivi. Usivilaze kabisa, maana maji ya moto yanapanda yenyewe kwenda kwenye tenki, bila mwinuko yanazubaa.

Ngazi ifungwe kamba na kichwa chake kipite ukingo wa paa kama mita moja. Angalia waya wa umeme unaoingia nyumbani umepita wapi kabla hujasimamisha chochote. Juu kanyaga kwenye mstari wa misumari, ndo papi ilipo, na bati likiwa na umande hakuna kupanda hata kama fundi anasema kazoea. Kamba ya mkanda wake ifungwe kwenye kenchi, siyo kwenye stendi ambayo ndo kwanza anaifunga (nimeona hiyo). Tenki lipande tupu, kwa kamba mbili, na chini asikae mtu.

Toboa mgongoni mwa bati, bondeni ndo maji yanapita. Weka raba, washa ya chuma, silikoni, kaza mpaka raba ianze kutuna kidogo uache, ukizidisha inapasuka. Chenga za chuma za drili zifagie palepale, zikilala usiku mmoja na umande zinaota kutu na kutu inahamia kwenye bati.

Vioo vya mwisho, na uvifunike turubai. Tyubu tupu juani inapita digrii 200, ukiipiga maji baridi inapasuka, kwahiyo jaza alfajiri au jioni. Bomba la maji moto liwe PPR (plastiki inayostahimili joto), na lile la kupumulia juu ya tenki usilizibe kamwe.

MASWALI

Mdau wa Isevya, Tabora: Mkuu huku maji yakikatika siku mbili je?
– Weka simtanki ya kulisha iliyo juu kuliko tenki la hita. Yakiisha mchana na tyubu ziko juani, funga koki ya kuingilia usubiri giza, hata kama maji yamerudi saa saba.

Dada wa Ujiji: Bati langu geji 30, litabeba kweli?
– Dada, geji 30 ni jembamba ila halibebi kitu kama miguu imekaa kwenye kenchi. Tatizo lako ni nyayo za mafundi, waambie walaze ubao wa kutembelea.

Mdau: Nyumba ya mzee ina paa la asbesto, natoboaje?
– Hutoboi kaka. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu. Mnara.

Mama wa Bangwe: Nina wajukuu wadogo, hayataunguza?
– Yataunguza mama, jua likiwaka yanaweza kupita digrii 70. Funga valvu ya kuchanganya maji moto na baridi kabla ya bomba la bafuni, na uipangie isizidi 45 au hata chini ya hapo.