Kutoa nili kwenye majani ya mnili: hatua, kisha maswali

Jani la mnili halina bluu ndani yake. Lina indikani, kemikali isiyo na rangi, nayo hugeuka nili baada ya kulowekwa na kukutana na hewa.

1. Vuna asubuhi, mnili ukikaribia kutoa maua. Acha kisiki cha sentimita 20 hivi kichipue tena. Kilo 1 ya majani mabichi hutoa gramu chache tu za nili, basi usijisumbue kwa kiganja cha majani.

2. Siku hiyohiyo, loweka kilo 1 kwenye lita 10 za maji. Bana kwa jiwe. Majani yanayoelea hushika bluu hukohuko juu na rangi yake imepotea.

3. Ngoja saa 12 hadi 24, maji yakiwa nyuzi 27 hadi 30. Usitazame saa, tazama ndoo: maji huwa ya kijani-manjano, viputo hupanda, na juu hutanda utando wenye mng'ao wa shaba. Yakinuka uozo, umechelewa.

4. Toa majani, kamua, chuja. Koroga gramu 20 za chokaa iliyozimwa kwenye maji kidogo (vaa glavu, chokaa huchoma), mimina kidogo kidogo mpaka karatasi ya pH isome 10 au 11. Hapa ndipo wengi huharibu. Chokaa ikizidi hutuama pamoja na nili, nawe unapata unga wa kijivu.

5. Mimina kutoka ndoo hadi ndoo, kwa juu, dakika 20 hadi 30. Povu la kijani litakuwa bluu, kisha litafifia. Dondosha tone kwenye sahani nyeupe: chembe za bluu zikijitenga na maji ya rangi ya chai, acha.

6. Iache itulie usiku kucha. Mwaga maji ya juu, chuja mashapo kwa kitambaa kizito, anika kivulini.

Maswali

*Asubuhi maji ya juu bado ni ya kijani.*
Hewa haikutosha. Rudia hatua ya 5.

*Nimekoroga unga wa nili na maji, nguo imetoka na madoa yanayofutika.*
Nili haiyeyuki majini. Changanya kwa uzito nili 1, chokaa 2, fruktosi (sukari ya matunda) 3, kwenye maji ya nyuzi 50, ukingoje maji yaliyo chini ya utando yawe ya manjano-kahawia. Chovya nguo iliyolowa dakika 10. Hutoka ya kijani, na bluu huingia mbele ya macho yako. Ukitaka bluu nzito, rudia kuchovya. Kuikalisha muda mrefu hakusaidii sana.

*Sukari ya mezani je?*
Haifai, haiifanyi nili iyeyuke majini kama fruktosi. Asali inafaa.

*Mizizi yake inaliwa, kama ya jamii nyingine za kunde?*
Usiile. Vinundu unavyoviona ni makazi ya bakteria wa naitrojeni, si viazi. Tena Indigofera spicata, ndugu yake anayetambaa, ina sumu inayodhuru farasi.

*Majani yaliyokamuliwa?*
Tandaza shambani, ni mbolea.