Kuingiza shairi la msiba kwenye filamu ya vichekesho

Anayeweza kumliza mtazamaji wa vichekesho ni yule yule aliyemchekesha. Kwenye misiba ya Tanga mtu huyo yupo tayari: mtani. Shairi mpe yeye, usimpe shekhe wala mjane.

Tuseme filamu ni ya dakika 90. Ndani ya dakika 20 za mwanzo mtani aanze kumdai rafiki yake shilingi 5,000, barazani Ngamiani, kwenye kahawa na kashata. Adai mara tatu, kila mara kwa kisa kipya. Akidai mara moja watu watasahau. Mara sita watachoka. Karibu na dakika ya 65, jeneza halijatoka, msemaji wa familia atangaze kama ilivyo desturi: "Anayemdai marehemu ajitokeze." Wote wamgeukie mtani. Hapo watazamaji wameshajiandaa kucheka. Mwache akae kimya sekunde 5, kisha aanze:

Deni langu la zamani, leo hapa nalifuta,
Nikipita barazani, jina lako nitaita,
Kahawa i kikombeni, mnywaji sitompata,
Pesa hizo kitu gani, nilodai ni kuteta.

Kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane. Ubeti mzima ni mizani 64. Ukisomwa taratibu, mizani 3 kwa sekunde, pamoja na vituo unakaribia nusu dakika. Beti mbili zinatosha kabisa. Tumia vitu ambavyo mtazamaji amekwisha kuviona: kikombe, baraza, deni. Maua na nyota ambazo hazimo kwenye filamu hazimlizi mtu.

Na mwigizaji asilie. Akitangulia yeye kulia, mtazamaji anabaki kumtazama tu. Sauti ikwame mara moja, kwenye "mnywaji". Kamera ikae usoni, bila kurukia waombolezaji mmoja mmoja. Kata mara moja tu, kwenye kikombe. Kinanda kisiwepo.

Turubai la buluu la msibani hutia nyuso ubuluu ambao ni taabu kuusahihisha baadaye, kwa kuwa mwanga wa pembeni ni mweupe. Funga shuka nyeupe chini yake, au msogeze mtani ukingoni. Pigeni picha asubuhi, upepo wa baharini haujaanza kulipiga turubai, na maikrofoni ivishwe manyoya ya kukinga upepo. Angalia saa za swala: adhana ikiingia katikati ya teki moja, yaani mkupuo mmoja wa kurekodi, teki hiyo haitaungana na nyingine. Kisha kila mtu anyamaze, urekodi sekunde 60 za sauti ya mahali pale, kunguru na sufuria za mbali, ya kutandaza chini ya picha zilizounganishwa. Bila hizo, kila ulipokata patasikika.

Baada ya ubeti wa mwisho, pasiwe na mzaha kwa sekunde 10. Kicheko kirudi kwa kitu kidogo. Muuza kahawa, kwa mazoea, anamimina vikombe viwili. Mtani anavitazama, anapapasa mfuko, hana kitu.

"Andika deni."